Farasi wa Scott: kisa cha jasho, upepo na kalenda

Tarehe 9 Desemba 1911, chini ya barafuto la Beardmore, mto mkubwa wa barafu katika bara la Antaktiki, farasi watano wa mwisho wa msafara wa Robert Falcon Scott walipigwa risasi mmoja baada ya mwingine. Siku nzima walikuwa wamevuta mizigo bila kula, kwa kuwa chakula chao kilikuwa kimekwisha. Kabla ya hapo walikuwa wamesimama siku nne ndani ya dhoruba, wakilowa. Kambi ile waliokuwapo waliipa jina la Machinjioni. Roald Amundsen na wenzake wanne, wakivutwa na mbwa, walikuwa wamebakiza siku tano tu kufika Ncha ya Kusini.

Kisa hiki husimuliwa kama habari za watu: nani alikuwa shujaa, nani alikosea, nani alikufa vipi. Hapa nitakisoma kama angekisoma saisi, mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha farasi anakula, anakauka na anapumzika. Ukikisoma hivyo, unaona kwamba ile kauli ya kawaida, kuwa farasi walishindwa na baridi, haikai vizuri. Farasi wa Yakutia, kaskazini mashariki mwa Urusi, hukaa nje majira yote ya baridi, kwenye nyuzi 50 za Selsiasi chini ya sifuri, wakifukua majani chini ya theluji kwa kwato. Baridi tupu farasi anaiweza. Kilichowamaliza farasi wa Scott ni maji mwilini mwao, upepo, ardhi isiyobeba kwato, na watu walioamua mambo kwa kuchelewa. Na gharama kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ilikuwa tarehe ya kuondoka.

Tuanze na sababu ya kuwachukua. Ernest Shackleton, katika msafara wake wa 1907 hadi 1909, alipeleka Antaktiki farasi wadogo kutoka Manchuria. Kumi walipakiwa New Zealand, wanane wakafika nchi kavu, na wanne wakafa muda mfupi baadaye, wengi wao kwa sababu ambayo saisi angeiona mapema: walikuwa wakilamba na kula mchanga wenye chumvi, kwa kuwa hawakupewa chumvi ya kutosha kwenye lishe. Wanne waliobaki walivuta mizigo kuelekea kusini hadi mmoja baada ya mwingine akaishiwa nguvu na kuuawa. Wa mwisho, Socks, alitumbukia kwenye ufa wa barafu tarehe 7 Desemba 1908. Hata hivyo Shackleton alifika latitudo ya nyuzi 88 na dakika 23 Kusini, yapata kilomita 180 kutoka Ncha. Hakuna aliyewahi kufika mbali hivyo. Scott akaona kwamba farasi wanaweza.

Aliona pia jambo jingine, na hili linanishangaza kila nikilifikiria. Katika msafara wa Shackleton, farasi wenye rangi nzito walikufa kabla ya weupe. Scott akaagiza wanunuliwe weupe na wa rangi hafifu tu. Kwa idadi ndogo namna ile, rangi haiwezi kuwa ushahidi wa chochote. Lakini agizo lilikwenda, na mnunuzi aliyekwenda nalo alikuwa Cecil Meares, ambaye ujuzi wake ulikuwa wa mbwa. Alipofika sokoni akitafuta weupe, uwanja wa kuchagua ulikuwa umeshapunguzwa nusu kabla hajafungua kinywa cha farasi hata mmoja kutazama meno. Alirudi na 19.

Lawrence Oates, aliyepewa kazi ya kuwasimamia farasi wa msafara, aliwaona kwa mara ya kwanza wakiwa wameshafika New Zealand. Alikuwa ofisa wa jeshi la farasi, amepigana Afrika Kusini na kujeruhiwa mguu huko, na alitoa pauni 1,000 zake mwenyewe kusaidia msafara. Katika maandishi yake hakuwaficha: wazee, vifua vyembamba, wenye kasoro za miguu, kwa ufupi mikweche. Mtu pekee mwenye jicho la farasi hakuwapo siku ya kununua. Alichoweza kufanya ni kununua chakula cha ziada kwa fedha zake. Msaidizi wake alikuwa Anton Omelchenko, kijana aliyewahi kuwa mpanda farasi wa mashindano huko Vladivostok, ndiye saisi wa msafara kwa maana kamili ya neno.

Safari ya baharini ilichukua zaidi ya wiki tano, na muda wote huo farasi walisimama. Mabanda ya melini yalikuwa membamba, mengi chini ya sitaha ya mbele, na farasi hawakuweza kujilaza chini. Mwanzoni mwa Desemba 1910 dhoruba ilipoipiga meli ya Terra Nova, Oates na daktari Atkinson walikesha nao wakiwainua walioanguka. Wawili walikufa. Januari 1911, 17 waliobaki waliposhushwa kwenye barafu ya Cape Evans, walijigaragaza kwenye theluji wakirusha mateke kwa furaha, kama punda aliyevuliwa mzigo.

Sasa tusimame kidogo, tueleze baridi inamfanya nini farasi, maana bila hilo yanayofuata hayatafahamika.

Farasi ana majiko mawili. La kwanza ni utumbo mkubwa, ambamo nyasi kavu huchachushwa na vijidudu na kutoa joto saa zote. Ndiyo maana watu wa nchi za baridi, hali ya hewa ikichacha, huongeza nyasi kabla ya kuongeza nafaka: nafaka inampa nguvu, nyasi zinampasha. La pili ni misuli inapofanya kazi. Joto hilo huhifadhiwa na manyoya, ambayo husimama na kunasa hewa kavu katikati yake. Farasi mwenye manyoya mafupi ya kiangazi huanza kutumia nguvu za ziada kujipasha kwenye nyuzi 5 hivi. Mwenye manyoya mazito aliyezoea, mwenye shibe na mkavu, hafiki hapo mpaka nyuzi 10 au zaidi chini ya sifuri. Manyoya hayo huota kwa kufuata urefu wa mchana zaidi ya kufuata baridi yenyewe. Sasa mchukue farasi umtoe kaskazini ya dunia, umvushe ikweta, umshushe kwenye majira yaliyogeuka. Mwili wake hauna habari kwamba baridi inakuja.

Lakini manyoya yakilowa, yote hayo yamekwisha. Hewa inatoka, maji yanaingia, na maji hupitisha joto haraka mno kuliko hewa. Na farasi, tofauti na mbwa, hutoka jasho mwili mzima. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, ngozi yake hubaki kavu. Farasi akivuta mzigo kwenye theluji laini kwa saa kadhaa analowa kifuani, mbavuni, chini ya hatamu na mikanda. Akisimama, jasho lile linakuwa adui. Saisi wa Ngong, Nairobi, anayemsubiri farasi atoke mazoezini asubuhi ya Julai analijua hili bila kusomeshwa: kwanza mtembeze, mfute, mwekee blanketi linalopitisha mvuke, na usimwache kwenye upepo. Ngong asubuhi ya Julai ni nyuzi kumi juu ya sifuri, na nyuma yake kuna banda. Antaktiki hakuna banda.

Halafu maji ya kunywa. Farasi wa kilo 500 anayekula nyasi kavu anahitaji lita 25 au zaidi kwa siku, na akipungukiwa, chakula hukauka tumboni na msokoto wa tumbo humwua. Huko maji yote ni theluji. Akila kilo 20 za theluji, mwili wake unalazimika kuiyeyusha na kuipasha hadi nyuzi 38, kazi ambayo hula nguvu inayopatikana kwenye zaidi ya kilo moja ya nyasi kavu. Ukimyeyushia wewe, unachoma mafuta uliyoyabeba.

Rudi sasa kwa Scott. Mwishoni mwa Januari 1911, wiki tatu tu baada ya kushuka melini, farasi wanane walipelekwa kusini na watu 13 na mbwa, kuweka akiba ya chakula kwa ajili ya safari ya mwaka uliofuata. Shabaha ilikuwa kuweka ghala kubwa kwenye nyuzi 80 Kusini.

Tatizo lilijitokeza mara moja: theluji haikubeba kwato. Uzito wote wa farasi unasimama juu ya sahani nne ndogo. Walizama hadi magotini, na penginepo hadi tumboni, wakajirusha mbele, wakazama tena, huku jasho likiwatoka. Dawa ilikuwepo. Msafara ulikuwa na viatu vya theluji vya farasi, duara pana za kufunga chini ya kwato ili mguu usizame. Jozi zote isipokuwa moja zilikuwa zimeachwa kambini Cape Evans. Siku walipomvika ile moja farasi aitwaye Weary Willie, aliyekuwa mzito kuliko wote kwa uvivu, alianza kutembea juu ya theluji kana kwamba yuko barabarani. Wakatuma watu haraka kufuata nyingine. Wakakuta barafu ya bahari kati yao na kambi imeshavunjika, njia haipo.

Ni rahisi kumlaumu Scott hapa, na wengi hufanya hivyo. Ila tumpe kila mtu chake. Scott mwenyewe aliandika kwamba Oates hakuwa na imani na viatu vile. Mjuzi wa farasi alikuwa mjuzi wa farasi wa jeshi, wa nchi kavu, wa tandiko na mkuki. Theluji hakuijua. Kwenye jambo hili moja Oates alikuwa upande wa makosa, na lilikuwa jambo kubwa, maana saa moja ya kuhangaika kwenye theluji laini inazalisha jasho kuliko saa tatu za kutembea juu ya ukoko mgumu.

Mapema Februari dhoruba ikawakamata kwa siku tatu. Mbwa walijikunja, theluji ikawafunika, wakalala humo na joto lao. Farasi hawezi hivyo. Anasimama na kuupa upepo matako, na theluji ya Antaktiki, laini kama unga, inapenya chini ya blanketi, inaingia kwenye manyoya, inayeyuka kwa joto la ngozi, kisha inaganda. Baada ya dhoruba ile farasi walikuwa wamekonda kwa namna iliyoonekana kwa macho. Hawakuwa wamefanya kazi yoyote, walisimama tu. Watatu waliokuwa hoi zaidi wakarudishwa, na wawili kati yao wakafia njiani.

Waliosonga mbele walifika nyuzi 79 na dakika 29 tarehe 17 Februari. Weary Willie alikuwa taabani. Oates alishauri waendelee hadi nyuzi 80, farasi wakianguka wauawe na nyama iachwe ghalani kwa ajili ya mwaka ujao. Scott akakataa. Alikuwa ameshachoka kuona wanyama wakiteseka. Ghala likajengwa hapo hapo, kilomita 57 hivi kaskazini ya lilipokusudiwa kuwa, likaitwa One Ton.

Mwaka mmoja baadaye, mwishoni mwa Machi 1912, wakirudi kutoka Ncha, Scott na wenzake Wilson na Bowers walikufa hemani wakiwa kilomita 20 hivi kusini mwa ghala hilo. Hesabu anaweza kuifanya kila mtu, na imefanywa mara nyingi mno. Ninachotaka kuongeza ni hiki: huruma ya Scott kwa Weary Willie haikumsaidia Weary Willie. Alikufa njiani wakirudi. Huruma yenye faida ingekuwa ile ya mwezi mmoja kabla, kwenye kuchagua farasi na kupakia viatu. Pale kwenye nyuzi 79 ilikuwa imechelewa, na Oates, ambaye watu wangemwona mkatili, ndiye aliyekuwa anaona hali ilivyo.

Kurudi kulikuwa balaa. Tarehe 1 Machi, Bowers, Cherry-Garrard na Crean walipiga kambi juu ya barafu ya bahari wakiwa na farasi wanne. Usiku barafu ikapasuka. Farasi mmoja, Guts, alitoweka mara moja. Mahali alipofungwa palikuwa maji. Watu walitumia saa nyingi kuwarusha waliobaki kutoka kipande hadi kipande, nyangumi wauaji wakichomoza vichwa kati ya vipande hivyo. Punch aliteleza akaangukia majini, wakashindwa kumtoa, Oates akamuua. Uncle Bill naye ikawa vivyo hivyo: Bowers alimpiga kwa sululu asije akaliwa akiwa hai. Nobby peke yake alivuka. Katika farasi wanane waliotoka, wawili walirudi. Kambini mmoja alikuwa amekufa wakati wao hawapo. Kumi wakaingia majira ya giza.

Miezi ya baridi iliyofuata ni sehemu ambayo msafara ulifanya vizuri, na sioni ikisifiwa inavyostahili. Banda lilijengwa kwenye ubavu wa nyumba uliokingwa na upepo, marobota ya chakula cha farasi yakitumika kama ukuta. Ndani Oates aliweka jiko la kuchoma mafuta ya sili, akawa anawapikia uji wa moto wa pumba. Kila farasi alikuwa na mtu wake wa kumtembeza kila siku hali ya hewa iliporuhusu, gizani: Crean na Bones, Bowers na Victor, Wilson na Nobby, Cherry-Garrard na Michael. Mmoja alipopatwa na msokoto wa tumbo walimhudumia mpaka akapona. Nje kulikuwa na baridi inayogandisha pumzi, na hakuna hata mmoja kati ya wale kumi aliyekufa. Ndiyo sababu nasema baridi si mshitakiwa mkuu. Mkavu, aliyeshiba, aliyekingwa upepo, hata mkweche wa Manchuria alivuka usiku wa Antaktiki.

Lakini huwezi kubeba banda kwenda Ncha. Hapa ndipo kalenda inapoingia.

Kwa yale aliyoyaona Februari na Machi, Scott alijua farasi hawatastahimili baridi ya mwanzo wa majira ya kuchipua kule kwenye uwanda wa barafu. Ikabidi asubiri. Amundsen mwenye mbwa alijaribu kuondoka tarehe 8 Septemba, baridi ikamrudisha, akaondoka tena Oktoba 19 akaenda moja kwa moja. Farasi wa Scott waliondoka Cape Evans tarehe 1 Novemba. Hizo ni siku 13, tena kwa njia iliyokuwa ndefu zaidi. Kila siku iliyosubiriwa mwanzoni iliongezwa mwishoni, mwezi Machi, ambapo jua linashuka na baridi inarudi, na waliolipa wakati huo walikuwa watu. Watu husema farasi walimwangusha Scott kwa kufa. Nadhani walimgharimu zaidi kwa mahitaji yao walipokuwa hai, na mahitaji hayo yalikuwa halali kabisa; farasi hakuomba kwenda.

Safari yenyewe iliendeshwa kwa uangalifu mkubwa. Walitembea usiku na kupumzika mchana, kwa kuwa jua la huko wakati huo halizami, na mchana lina joto la kumkausha farasi aliyesimama. Hilo ni wazo zuri sana: kazi ifanyike kukiwa baridi, mwili ukijipasha wenyewe, na kusimama kufanyike kwenye joto. Kila walipofika kambini, kabla mtu hajafikiria chai, walijenga kuta za theluji, kila farasi na ukuta wake, juu kuliko mgongo wake, upande wa upepo. Kisha mikanda ikavuliwa, blanketi likafungwa, mfuko wa chakula ukavikwa: shayiri na mashudu. Watu waliochoka hoi walikata matofali ya theluji usiku baada ya usiku, na upepo ulipobadilika walitoka hemani kwenda kuyahamisha.

Christopher ndiye aliyewatoa jasho zaidi. Kumfunga kwenye sleji, chombo cha kuteleza juu ya theluji, ilibidi aangushwe chini kwanza, mguu mmoja wa mbele ufungwe juu, watu kadhaa wamshike. Akishaanza kutembea hakuna kusimama, maana akisimama kazi ni kuanza upya. Kwa hiyo Oates na wenzake walimaliza mwendo wa siku nzima bila mapumziko ya katikati. Oates alimchagua kwa sababu hakuna mwingine angemweza. Nimekutana na watu wanaosema farasi wa namna hiyo ana roho mbaya. Sijui. Farasi anayepigana anapofungwa na kutulia anapotembea mara nyingi anakuambia kitu kuhusu mikanda yenyewe, au kuhusu mahali fulani pa mwili panapouma.

Kuanzia Novemba 24 walianza kuwaua mmoja mmoja kadiri mizigo ilivyopungua, Jehu wa kwanza, nyama ikaliwa na mbwa na watu. Ulikuwa mpango tangu mwanzo. Tarehe 5 Desemba, wakiwa karibu kabisa na barafuto, ikaja dhoruba ya mwisho. Na haikuwa ya baridi. Joto lilipanda hadi kwenye kiwango cha kuyeyuka. Theluji iliyoanguka ilikuwa nzito na maji, mahema yakawa madimbwi, na farasi, nyuma ya kuta zao zilizokuwa zikizikwa, walilowa kuanzia masikioni hadi kwatoni. Kila mfugaji wa farasi wa nchi za baridi angekuambia: nyuzi 20 chini ya sifuri na anga kavu ni siku njema kuliko sifuri yenye mvua na upepo. Siku nne hizo zilimaliza akiba ya miili yao na akiba ya chakula pamoja. Tarehe 9 walisukumwa kwa taabu hadi kwenye mlango wa barafuto, wakizama hadi tumboni, na hapo kazi yao ikaisha. Nobby na James Pigg, wale wawili waliorudi hai kutoka safari ya ghala, walikuwa miongoni mwa watano wa mwisho. Walikuwa wamevuta mizigo zaidi ya kilomita 600.

Leo farasi hushindana kwenye theluji bila msiba wa namna hii. St. Moritz, Uswisi, mbio hufanyika kila Februari juu ya ziwa lililoganda tangu 1907. Farasi huvaa viatu vya chuma vyenye meno na vya kuzuia theluji isigande kama mpira chini ya kwato, hukimbia dakika chache, hutembezwa, hufutwa, huvikwa blanketi la sufu linalonyonya jasho, na blanketi hubadilishwa likilowa. Lijamu hupashwa moto mkononi kabla ya kuingizwa kinywani, chuma cha baridi kisiunguze ulimi. Jioni yuko bandani na ndoo ya maji ya vuguvugu. Hata hivyo 2017 mbio zilisimamishwa baada ya farasi watatu kuanguka kwenye uso wa ziwa na mmoja kufa. Unaweza kupanga vizuri kila kitu kuhusu mwili wa farasi, sehemu ya kukanyaga ikakusaliti.

Msafara wa Scott wenyewe ulijifunza, ila somo lilifika likiwa halina wa kuokolewa. Mapema 1912 meli ilileta Cape Evans baghala saba (chotara wa punda na farasi) kutoka India, ambao Oates alikuwa ameshauri waagizwe. Hawa walichaguliwa na kufundishwa na watu wanaojua kazi ya milimani, wakaja na mablanketi yao, viatu vya theluji vilivyowatosha, hata miwani ya rangi ya kukinga macho yao na mwanga wa theluji. Mwishoni mwa Oktoba 1912 walianza kuvuta mizigo ya kikosi cha kuwatafuta waliopotea, wakapita One Ton, na tarehe 12 Novemba wakafika kwenye hema la Scott. Oates hakuwa humo. Alikuwa ametoka nje kwenye dhoruba katikati ya Machi na hakurudi. Kuhusu baghala, walitembea vizuri juu ya uwanda uleule, ila walikuwa na kasoro moja iliyowachosha watu: chakula chao walikikataa. Shayiri na mashudu yaliyopimwa kwa uangalifu yalibaki mfukoni, na wao wakala majani ya chai yaliyotumika, majivu ya tumbaku, na kamba walizofungiwa.